Kufuli na Mpira Alioutuliza Akiwa Kocha

Ndugu zetu mlioketi na mliokosa viti, ninyi wenye jezi za Kiwanda huku mbele na ninyi wenye jezi za Reli kule ukutani, familia inawasalimu na kuwaomba utulivu, maana tunakwenda kuwasomea maisha ya baba, mume, kaka na kocha ambaye wengi wenu hamkumjua kwa jina jingine ila Kufuli. Karatasi hii imeandikwa na mdogo wake, fundi cherehani, ambaye ndiye anayeisoma, akisaidiwa na mjane, watoto, na shemeji wa marehemu, yule muuza viatu mnayemfahamu nyote, na kwa kuwa kila mmoja alikuja na lake, mkisikia mahali pamechanganyikiwa msimlaumu msomaji, ni sisi wenyewe tuliochanganyikiwa, na wengine wetu bado.

Mjane alitoa sharti moja tu tangu juzi, akalirudia jana na asubuhi ya leo, kwamba jeneza lisinyanyuliwe kabla ya kusemwa habari ya fainali, yaani kama mumewe aliuza mechi au hakuuza, kwa sababu ameishi miaka kumi na moja na ushei katika mtaa huu wa watu wa Reli akinunua nyanya kwa watu wasiomtazama usoni, na hataki kurudi kutoka makaburini akakute maneno ni yale yale. Tulimshauri kwamba msibani si mahali pake, akatuuliza mahali pake ni wapi, ndipo tukaiandika humu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1952, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha nguo, akiwa mtoto wa pili wa mpakaji rangi za vitambaa na mkewe. Hapa penyewe tumeanza na utata, kwa sababu chama cha mpira kinamtambua kuwa alizaliwa mwaka 1955, na watu wa chama wamekuja na shada lililoandikwa hivyo, nasi hatuwezi kubishana na shada, ila wanamichezo wote hapa wanajua umri wa mpira ni umri wa mpira na umri wa mama yako ni wa mama yako. Marehemu mwenyewe alikuwa akisema ile miaka mitatu hakuiiba, aliiazima tu, na goti lake lilikuja kuirudisha yote kwa mkupuo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1960 katika shule iliyopakana na kiwanda, ambako mwalimu wa hesabu alimsifu kwa mwandiko na kumchapa kwa kuchelewa, akamaliza mwaka 1966, kisha baada ya kukaa nyumbani kidogo akajiunga na chuo cha ufundi mwaka 1968 na kuhitimu 1970 kama fundi wa mitambo ya kufumia. Mwaka huo huo aliajiriwa pale pale kiwandani, na kama ilivyokuwa kwa kila kijana mwenye miguu, jioni alikwenda uwanjani, ambako kocha wa wakati ule alimwangalia namna anavyosimama, akamwambia, "Wewe huna mbio, lakini una subira, njoo nyuma," akamweka beki tatu, upande wa kushoto, na huo ukawa upande wake hata kitandani, kama mjane anavyothibitisha.

Aliingia timu kubwa ya Kiwanda mwaka 1973, na jina la Kufuli alipewa msimu wa pili, baada ya winga mmoja hodari kumaliza mechi nzima bila kumpita, akatoka akiwauliza wenzake ufunguo wa yule bwana uko wapi. Januari 1976 alisaini mkataba wa kulipwa kwa kazi ya mpira peke yake, akaacha mitambo, jambo ambalo baba yetu hakulielewa mpaka anaingia kaburini, maana kwake mtu mzima kulipwa kwa kukimbia kulikuwa sawa na kulipwa kwa kupiga miayo. Alivaa jezi namba tatu ya Kiwanda miaka kumi na minne, akaitwa timu ya taifa mara kadhaa, akatwaa ubingwa wa ligi mara tatu.

Ni lazima tusimame hapa tumtaje mtu wa pili, kwa kuwa bila yeye historia hii haieleweki. Mbele ya Kufuli, upande ule ule wa kushoto, alicheza winga aliyeitwa Mshale, kaka mkubwa wa mjane, na mchezo wao ulikuwa mmoja tu, kila mtu aliujua na hakuna aliyeuzuia: mpira unakuja pembeni, Kufuli anautuliza kwa mguu wa kushoto, anainua kichwa, anaupeleka mbele kando ya mstari, na wakati huo huo anapaza sauti, "Shemeji, nenda!" Mshale anakwenda, na kule mbele watu wanaanza kuomboleza.

Wazee mliokuwapo mtakumbuka kwamba alianza kumwita shemeji mwaka 1975, wakati hajaoa wala hajaposa, kwa kosa moja tu la kumwona binti akimletea kaka yake chakula cha mchana getini, na Mshale alikasirika hata akataka kumpiga kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akisema, "Shemeji yako nani, we Kufuli? Umenitolea mahari lini?" naye akamjibu kwamba mahari atatoa kwa pasi, azihesabu mwenyewe. Hivyo uchumba ule ulitangazwa uwanjani mbele ya maelfu ya watu kabla mwenyewe bibi harusi hajaambiwa lolote, na mjane anasema alipata habari kutoka kwa muuza mkaa.

Ndoa ilifungwa tarehe 8 Desemba 1979, Mshale akiwa msimamizi, na wakajaliwa watoto watatu, binti mwaka 1981, ambaye ni muuguzi, mwana wa pili mwaka 1984, ambaye ni dereva wa lori, na kitindamimba mwaka 1990, ambaye anafundisha watoto mpira na hapendi kuulizwa mtoto wa nani.

Goti lilimstaafisha mwaka 1987. Alisomea ukocha, akalea vijana wa Kiwanda kuanzia 1988 hadi 1996, akiahidiwa kila mwaka kwamba timu kubwa itakuwa yake, na ilipofika zamu yake wakampa mtu mwingine, wakamwomba yeye amwonyeshe mgeni njia ya kwenda uwanjani. Mwaka 1997 akachukuliwa na Reli, mahasimu wa jadi, akahamia mtaa huu pamoja na mkewe na makabati yao, na watu wa Kiwanda wakaandika kwa chokaa ukutani mbele ya nyumba yake ya zamani kwamba mwacha asili ni mtumwa. Aliupita ukuta ule akausoma, akasema mwandiko ni mzuri, alimaliza hapo.

Reli walipata kocha. Aliwakuta wanacheza kama watu wanaokimbia mvua, akawafundisha kusimama, na ligi ya mwaka 2003 wakaichukua. Alikuwa na masomo yake ambayo aliyarudia hadi wachezaji wakayaota, na mojawapo lilihusu mpira wa kurusha: kama warushao ni wapinzani, na mpira umekuja kwako, ukumbatie kama mtoto mchanga, utembee nao polepole, uulize huu ni wa nani, ufunge kamba za viatu, mradi wenzako warudi nyuma. Tunaomba mlishike somo hilo, kwa kuwa ndilo lililomhukumu.

Mshale alifariki mwaka 2001 kwa ugonjwa wa moyo. Marehemu alimzika shemeji yake, akarudi kazini, na wachezaji wa Reli wanasema tangu siku ile hawakumsikia tena akilitamka neno shemeji akiwa uwanjani, hata kwa utani.

Sasa tunafika tarehe 18 Oktoba 2009, fainali ya kombe, Reli na Kiwanda, sare ya bao moja kwa moja, dakika zikiyoyoma. Reli walikuwa wamepanda wote mbele kutafuta bao, mpira ukapigwa ovyo na beki wao, ukatoka nje upande wa kushoto, ukaviringika hadi miguuni kwa kocha wao aliyesimama mbele ya benchi akiwa amevaa suti na viatu vya ngozi. Mpira wa kurusha ulikuwa wa Kiwanda. Kufuli hakuukumbatia. Aliutuliza kwa mguu wa kushoto, akainua kichwa, akaupiga pasi safi kando ya mstari hadi miguuni kwa winga wa Kiwanda, ambaye kwa mshangao wake mwenyewe aliuokota, akaurusha mbele papo hapo kwa mwenzake aliyebaki peke yake na kipa. Mabeki wa Reli walinyoosha mikono juu wakidai kuotea, wakasahau kwamba kwa mpira wa kurusha hakuna kuotea. Mbili kwa moja, kombe likaenda.

Angekuwa amekosea tu kwa haraka, pengine watu wangemsamehe, lakini mchua misuli wa Reli, ambaye tunamwona pale karibu na nguzo na tunamshukuru kwa kuja, alikuwa amesimama ubavuni pake, na alimsikia kwa masikio yake mawili akipaza sauti, "Shemeji, nenda!" Aliapa hivyo mbele ya kamati, na hakusema uongo, familia haijawahi kusema kwamba alisema uongo.

Basi mji mzima ukaanza kumtafuta shemeji. Winga yule wa Kiwanda hakuwa na undugu nasi hata wa kuazima. Ikasemwa shemeji ni neno la siri la wanunuzi wa mechi, ikasemwa shemeji ni mwenyekiti wa Kiwanda aliyemwozesha kisirisiri, na hatimaye, kwa kuwa lisemwalo lazima limpate mtu, likamwangukia muuza viatu, mdogo wake mjane, shabiki wa Kiwanda na shemeji pekee aliyekuwa hai, kwamba ndiye aliyepeleka ujumbe na kuleta bahasha. Kibanda chake kilipakwa matope, wateja wakamkimbia, watoto wakamfuata njiani wakiimba "Shemeji, nenda," na mtu huyo, ambaye siku ya fainali alikuwa nyumbani na jino linamuuma, ameitikia jina hilo mpaka leo.

Kamati ilimwita marehemu ikamuuliza shemeji ni nani. Akajibu, "Shemeji ni shemeji," akawatazama kana kwamba wao ndio waliopotea. Wakaona kiburi, wakamfukuza. Mjane naye alimuuliza asubuhi yake mezani, wakinywa chai, "Baba, ulikuwa unampa nani ule mpira?" naye akaweka kikombe chini akasema, "Kwani hukumwona? Alikuwa huru kabisa." Mjane akadhani anamsema winga wa Kiwanda, akaondoa vyombo. Anasema hakumuuliza tena, kwa kuogopa kujibiwa kitu ambacho hangeweza kukaa nacho nyumba moja.

Miaka iliyofuata tunaieleza kwa shida, maana wakati ule hatukuiona kuwa ni historia, tuliiona kuwa ni vituko. Alianza kutembea ukingoni kabisa mwa barabara, upande wa kushoto, hata magari yakampigia honi, tukasema anaona haya kukutana na watu. Mwaka 2013 alionekana mara nyingi kwenye geti la kiwanda, ambacho kilikuwa kimefungwa tangu 2011, akimsubiri mlinzi amfungulie, na watu wa Reli wakasema si mnaona, anakwenda kwa mabwana zake, nasi tukamgombeza. Alimwita mchinja nyama refa. Alimwambia binti yake kwamba mama yake ni msichana mzuri, ila ana kaka mkali. Tulicheka, na msomaji huyu alicheka kuliko wote.

Ilikuwa Agosti 2014, mchana, mbele ya kibanda cha muuza viatu. Marehemu alikuwa ameketi kwenye kigoda, mjane anatoka sokoni na mfuko wake, watoto wanacheza mpira wa plastiki barabarani, na mpira ukawaponyoka ukaja kwake. Akasimama. Akautuliza kwa mguu wa kushoto, akainua kichwa, akaupeleka kando ya ukuta mrefu ambako hapakuwa na mtu hata mmoja, akapaza sauti, "Shemeji, nenda!"

Muuza viatu, aliyekuwa ameinama akipanga ndala, aliinuka haraka akasema, "Naam, shemeji, nimo."

Marehemu akamgeukia kwa kero, akasema, "Si wewe. Yule mwingine." Kisha akaugeukia ukuta, akautazama mpira unavyokwenda peke yake hadi ukaingia mtaroni, akamuuliza mkewe, kwa sauti ambayo mjane anasema hajaisikia tena kwa mtu yeyote, "Mbona kaka yako leo hakimbii?"

Mjane aliketi pale pale chini na nyanya zake.

Marehemu alipelekwa hospitali, na baada ya vipimo vingi na safari nyingi, Februari 2015 madaktari walituambia ni ugonjwa wa kusahau, unaokula ubongo taratibu, na kwamba kwa wengine huingia mapema, kabla mvi hazijatimia. Tuliwauliza swali moja tu, kama mwaka 2009 alikuwa nao tayari. Daktari bingwa alikuwa mwungwana, alisema huweza kuanza miaka mingi kabla haujaonekana, inawezekana kabisa, lakini siku ulipopiga hodi hakuna kipimo kinachoweza kuitaja. Kwa hiyo hatuna cheti cha kuwaonyesha. Mwana wa pili bado anasema pengine baba alijua alichofanya, maana mapenzi ya Kiwanda hayakumtoka, kitindamimba anasema hapana, wamegombana hata jana kwenye kuchimba kaburi, na msomaji huyu akiamka ana jibu moja na akilala ana jingine. Alikuwa na kombe mkononi. Alikuwa na vijana aliowalea. Kwa nini mguu wake haukuwajua?

Mjane peke yake hana mashaka, na kwa idhini yake tunasoma maneno yake kama alivyoyasema: "Nyie mnatafuta mtu aliyepewa ule mpira kati ya walio hai. Mimi kaka yangu namjua. Mume wangu hakuwauza Reli, wala hakuwapa Kiwanda. Alimpa kaka yangu, na kaka yangu hakuwapo."

Tangu hapo marehemu aliuliza habari za Mshale karibu kila siku, na mwanzoni mkewe alimwambia ukweli, kwamba alikwisha kufa, na kila mara alilia upya kama ndiyo kwanza anapokea msiba, akataka kujua anazikwa saa ngapi. Mjane akaona huku ni kumzika kaka yake kila kukicha, akaacha. Alipoulizwa, akawa anajibu, "Yuko njiani," na hilo likawa salamu ya nyumba ile kwa miaka mitano.

Mwaka jana hali ilibadilika, akawa hali chakula, hatembei, hajui tena nani ni nani, ingawa muuguzi wa kiume aliyemgeuza kitandani alipewa naye maelekezo ya kukaba mapema. Alilazwa Aprili mwaka huu, mapafu yakaingia maji, na tarehe 2 Mei 2021, asubuhi, akiwa na miaka sitini na tisa, au sitini na sita kwa hesabu ya shada, alifumbua macho akamuuliza mkewe, "Shemeji kafika?"

Safari hii mjane hakusema yuko njiani. Alisema, "Kafika."

Marehemu akageuza kichwa upande wa kushoto, na hakuongea tena.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, hasa yule aliyekubali kuitwa beki mbili siku zote bila kununa, majirani wa upande wa Kiwanda waliopika na majirani wa upande wa Reli walioleta viti, nanyi mnajijua ni nani aliyeleta viti akasema vimetoka kwa mtu mwingine, makocha wenzake, wachezaji wake, chama cha mpira na shada lake, mchua misuli aliyesema alichosikia, na nahodha wa Reli wa mwaka 2009 aliyesafiri kutoka mbali na ambaye hajatuambia amekuja kwa nia gani, wala hatujamuuliza.

Sasa jeneza litanyanyuliwa, na mjane ameomba kwamba mbele, upande wa kushoto, ashike muuza viatu, ili yule mliyemwimba njiani mumwone akifanya kazi ya shemeji. Nyuma yake, upande ule ule, pana nafasi. Hatukumpangia mtu. Watu wa Reli mkitaka ni yenu, msipotaka watoto watajaza, hakuna atakayelazimishwa kubeba mtu asiyemwelewa, maana hata sisi tunaombeba hatujamaliza kumwelewa.

Kaka, ulikaa nyuma maisha yako yote ili wengine wakimbie, na mpira wako wa mwisho ulisafiri muda mrefu bila mpokeaji. Shemeji yako yuko pale mbele, kando ya mstari, yuko huru kabisa. Mwachie. Pumzika kwa amani.